Bei ya Uchawi: Riwaya za Fantasia kwa Vijana na Msomaji wa Kiswahili

Tangu mfululizo wa Harry Potter wa J. K. Rowling ulipokamilika mwaka 2007, riwaya za fantasia zinazowalenga vijana zimeendelea kumiminika, na miongoni mwa zile zilizovuma katika miaka ya karibuni zimo kadhaa za waandishi wenye asili ya Afrika. Mwanafunzi wa Kiswahili huzisoma pia. Huzisoma usiku baada ya kumaliza kazi za darasani, na aghalabu hazitaji mbele ya mhadhiri wake kwa kuwa si za Kiswahili na kwa kuwa hudhaniwa kuwa vitabu vya watoto. Makala haya yanazitaja. Yanadhamiria kueleza kigezo kinachoweza kumsaidia msomaji kuzipeta riwaya hizo hadi pumba zitengane na mchele, na kisha kuuliza ni kwa nini kisa cha msichana wa Mombasa anayeingia baharini kumwokoa babake kimeandikwa kwa Kiingereza.

Fantasia, kwa maana inayotumika hapa, ni utanzu unaojenga ulimwengu ambamo mambo yasiyowezekana katika maisha ya kawaida huwezekana, na wahusika wenyewe huyapokea kuwa kweli. Hapa ndipo wengi hupotoka. Hudhani kwamba maadamu lisilowezekana limeruhusiwa, basi kila jambo limeruhusiwa. Ukweli ni kwamba kadiri ulimwengu wa riwaya unavyojitenga na huu wa kila siku ndivyo unavyohitaji sheria kali zaidi. Msomaji sharti ajue uchawi unaweza nini, unashindwa na nini, na anayeutumia hulipa nini. Fanani wa kale alilifahamu hili vyema. Fumo Liyongo hadhuriki kwa mshale wala kwa mkuki, lakini sindano ya shaba ikidungwa kitovuni humwua, na siri hiyo anaitoa kwa mwanawe wa kumzaa. Liyongo asiye na kitovu hicho angekuwa jitu la kutisha tu, na yamkini Muhamadi Kijumwa asingekuwa na kisa cha kutungia utendi mwaka 1913.

Kigezo, basi, ni bei. Katika riwaya ya vijana bei hiyo huwa na uzito wa ziada, kwa kuwa anayedaiwa bado hajakomaa, hana mali, hana cheo, na mara nyingi deni lenyewe liliwekwa na wazazi wake.

Kwa kigezo hiki, Nnedi Okorafor, Mmarekani aliyezaliwa na wazazi Waigbo, anawapita wengi. Katika Akata Witch (2011) mhusika mkuu ni Sunny, msichana wa miaka kumi na miwili aliyezaliwa New York na anayeishi Aba, Nigeria. Ana ualbino, anaupenda mpira wa miguu lakini jua halimruhusu kuucheza mchana. Siku moja anautazama mwali wa mshumaa na kuuona mwisho wa dunia. Kutoka hapo anaingizwa katika jamii ya siri ya Watu Chui, ambamo fedha hudondoka kutoka juu kila mtu anapojifunza jambo jipya. Mwalimu yeyote atatabasamu akisoma hayo. Hata hivyo, ubunifu mkubwa zaidi uko kwingine. Miongoni mwa Watu Chui, kile ambacho ulimwengu wa kawaida hukiita kasoro ndicho chimbuko la kipawa. Ualbino wa Sunny unamwezesha kuuvuka mpaka kati ya ulimwengu wa watu na ule wa mizimu. Naye rafikiye Orlu, ambaye herufi humchanganya anapozisoma, ndiye hodari wa kutangua uganga wa wengine. Okorafor hamponyi mtoto huyu wala huyo. Angewaponya, angewanyang'anya kipawa, na hiyo ni sheria ambayo mwandishi haivunji hata pale ambapo kuivunja kungemrahisishia kazi.

Bei nayo ipo. Wazee wa Watu Chui wanawatuma watoto wanne wakamkabili mtu anayewateka na kuwaua watoto, ilhali wanajua kwamba huenda wasirudi. Wazee hao hawana huruma ya kinafiki, na baadhi ya wasomaji hukereka. Kukereka huko ni sehemu ya nguvu ya kitabu. Udhaifu wake upo katika pambano la mwisho, linalomalizika upesi mno baada ya matayarisho marefu, kama ngoma iliyowambwa siku nzima ikapigwa mara tatu. (Jina la riwaya pia lina mkasa wake. Neno ‘akata’ hutumiwa na baadhi ya Wanigeria kuwadhihaki Wamarekani weusi, na toleo lililochapishwa kwa wasomaji wa Nigeria lilipewa jina la What Sunny Saw in the Flames.) Mfululizo uliendelea kwa Akata Warrior (2017) na Akata Woman (2022).

Children of Blood and Bone (2018) ya Tomi Adeyemi ilipokelewa kwa vifijo vikubwa kuliko hivyo. Imejengwa juu ya imani na lugha ya Wayoruba: maombezi ya uchawi humo hutamkwa kwa Kiyoruba, na pepo wake ni wa Kiyoruba. Mfalme Saran aliwaua wachawi wote wazima, akiwemo mamake Zélie, na sasa binti huyo mwenye nywele nyeupe ametwikwa jukumu la kuurudisha uchawi ulionyamazishwa. Mwandishi ameeleza mwishoni mwa kitabu kwamba aliandika akiwa na uchungu wa mauaji ya watu weusi wasio na silaha mikononi mwa polisi nchini Marekani. Uchungu huo ni wa kweli na unasikika. Sheria pia ipo, kwani uchawi wa damu humla anayeutumia.

Tatizo ni mbio. Hakuna anayepumzika. Wasimulizi watatu wanapokezana sura fupi fupi, na sauti zao zinafanana kiasi kwamba msomaji akiliruka jina lililoandikwa juu ya sura hukosa kujua ni nani anayezungumza. Mapenzi ya Zélie na Inan, mwana wa mfalme anayemwinda, yanachipuka na kukomaa kwa haraka isiyoaminika. Katika juzuu ya pili (2019) lipo wazo zuri la bei: tambiko lililowarudishia wanyonge uchawi limewapa uchawi hata baadhi ya makabaila waliowaonea. Ni wazo lililostahili riwaya nzima iliyotulia. Limefunikwa na vishindo vya vita.

Raybearer (2020) ya Jordan Ifueko haikupigiwa kelele kama hiyo, lakini sheria yake ni kali kuliko zote. Tarisai amefungwa na mamake kwa agizo: ampende mwana wa mfalme, akubaliwe naye, kisha amwue. Bei imetiwa ndani ya upendo wenyewe. Aliyelelewa kwa ngano za miiko na viapo hatahitaji kuelezwa utamu wa jambo hilo.

Je, Kiswahili kina nini cha kuweka kando ya vitabu hivi? Kwa upande mmoja, kina mengi. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze (1952) alichukua kisa chenye mizizi katika Alfu Lela Ulela akakipa maadili yake: ndugu wawili wahasidi wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwapiga kila usiku huku akilia. Hiyo ni bei, tena analipishwa aliyetendewa uovu. Baadaye Euphrase Kezilahabi aliandika Nagona na Mzingile. Said Ahmed Mohamed akamfufua babu katika Babu Alipofufuka (2001) aje kumsaili mjukuu wake. Katama Mkangi katika Walenisi (1995) akamtia Dzombo katika chombo cha angani kilichokusudiwa kuwa kaburi lake. Kyallo Wadi Wamitila alifanya jambo la kuchekesha na kutisha kwa pamoja katika Bina-Adamu! (2002). Alimchukua Peter Pan, yule mtoto wa J. M. Barrie asiyekua, akamfanya P.P., sura ya utandawazi unaochezea dunia bila kuwajibika. Mhusika aliyezaliwa katika fasihi ya watoto ya Uingereza aliingia katika riwaya ya Kiswahili akiwa tayari mzee wa hila.

Mfano huo wa P.P. unaeleza hali ilivyo. Fantasia ya Kiswahili ni ya watu wazima. Ni istiara ya falsafa na siasa, na husomwa zaidi vyuoni, mhadhiri akiwa kando kufumbua mafumbo. Kijana wa shule ya upili, kwa upande wake, hupewa uhalisia: Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea za Ken Walibora, Chozi la Heri ya Assumpta Matei, Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Hizi ni riwaya nzuri, na Kongowea wa Siku Njema amewapenda wengi na wengi wamempenda. Lakini ni riwaya zilizosomwa na kalamu mkononi, kwa hofu ya mtihani. Anayetaka ajabu isiyotahiniwa huachiwa ngano alizosikia utotoni, ama huvuka kwenda kwa Kiingereza, na akishavuka mara nyingi harudi. Wapo wanaosema kwamba fantasia ingewafundisha vijana ushirikina au kuwatorosha katika matatizo yao. Hoja hiyo haisimami. Dzombo wa Mkangi anatoroshwa hadi anga za juu, na hakuna msomaji aliyewahi kudhani kwamba Walenisi iko mbali na Kenya.

Pengo hilo lilionekana waziwazi mwaka 2021 ilipochapishwa The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa Mombasa mwenye asili ya Hadhramaut. Mswada wake ulikuwa wa kwanza kupata tuzo ya Afrika ya shirika la uchapishaji la Graywolf la Marekani, na mwaka 2022 riwaya ikapata tuzo ya kwanza kabisa ya Ursula K. Le Guin, yenye thamani ya dola 25,000. Haikutolewa mahususi kama kitabu cha vijana, ila ni vigumu kufikiria kitabu kinachomfaa kijana wa Pwani kuliko hiki. Babake Aisha ni mvuvi, na amepotelea baharini. Binti anaingia katika chombo kilichoundwa kwa mifupa, akiongozwa na paka wa mwanachuoni, paka mwenye maneno mengi, na anakabiliana na majitu matatu ya bahari. La mwisho ni Baba wa Papa.

Mwandishi mwingine angeishia hapo. Bajaber anamrudisha baba nyumbani ilhali kitabu bado kirefu, na hapo ndipo bei inapoanza kulipwa. Nyanyake anataka amwozeshe kijana mwema wa mtaani, apate usalama. Kijana hana baya lolote, jambo ambalo linazidisha ugumu wa kumkataa. Aisha amekwisha kuiona bahari ilivyo, na aliyeiona hawezi kujifanya hajaiona. Kunguru na mbuzi wa mji nao wana lao la kusema. Mwendo wa sehemu hii ni wa pole, na wasomaji waliozoea mbio za Adeyemi huilalamikia. Wangeisoma tena.

Kukitafsiri kitabu hiki kwa Kiswahili si ndoto. Mashimo ya Mfalme Sulemani ilikuwapo tangu mwaka 1929, na Alice wa Lewis Carroll ametafsiriwa mara mbili, mwaka 1940 na tena mwaka 2015 kwa mkono wa Ida Hadjivayanis. Ugumu uko katika maneno madogo. Msomaji wa Kiingereza akikutana na ‘Baba wa Papa’ husikia baba mara mbili, na katika kisa cha binti anayemsaka babake, bahati hiyo ina maana yake. Msomaji wa Kiswahili atamwona papa tu, samaki mwenye meno. Kisha kuna yule paka. Akizungumza Kiswahili Sanifu atasikika kama msoma taarifa wa redio. Akizungumza Kimvita atakuwa paka wa Mombasa kweli, lakini atakapomwita Aisha kwa kusema ‘ndoo’, yaani njoo, msomaji wa Kakamega atadhani kwamba paka anaomba chombo cha kutekea maji.