NCHI TULIVU KWA NANI?
Mambo ya kupima kabla ya kwenda kufanya kazi ugenini



Katika viwanda vyetu na katika mashamba ya chai na miwa, vijana wengi siku hizi wanaulizana swali moja: ni nchi gani nzuri ya kwenda kutafuta kazi? Mmoja atataja Saudi Arabia, mwingine Qatar, mwingine Kenya au Rwanda. Wanalinganisha mshahara, kisha wanauliza kama nchi hiyo ina amani. Maswali hayo ni ya haki, lakini hayatoshi. Amani ya wenye nchi si lazima iwe amani ya mgeni aliyekuja kuuza nguvu zake.

Tutazame historia. Mwezi wa Novemba 1969 serikali ya Ghana iliwapa wageni wasio na vibali wiki mbili tu, wapate karatasi au waondoke. Mwaka 1970 serikali ya Uganda iliwaondoa maelfu ya wafanyakazi kutoka Kenya. Mwaka 1983 ikawa zamu ya Waghana wenyewe: Nigeria iliwafukuza wageni wasio na karatasi, na Waghana zaidi ya milioni moja wakarudi kwao na mizigo kichwani. Mifuko mikubwa ya mirabaraba waliyobebea nguo zao, Afrika ya Magharibi mpaka leo inaitwa kwa jina la kuwafukuza Waghana.

Wafanyakazi hao hawakukimbia mabomu. Walifukuzwa kwa amri ya serikali, wakati kazi zilikuwa chache na wananchi wananung'unika. Pakiwa na shida, mgeni ndiye wa kwanza kulaumiwa, na asiye na karatasi ndiye wa kwanza kusukumwa nje.

Kwa hiyo, nchi tulivu kwa mfanyakazi ni ile ambayo sheria yake inamlinda hata siku ya shida. Tuipime kwa mambo matatu.

Jambo la kwanza: kibali kimefungwa kwa nani? Katika nchi za Ghuba umekuwapo kwa miaka mingi utaratibu uitwao kafala. Kibali cha mfanyakazi hufungwa kwa mwajiri mmoja. Ukiondoka kwa sababu umepigwa au hukulipwa, unahesabiwa mtoro, na unayetafutwa na polisi ni wewe, siyo aliyekudhulumu. Nchi kadhaa zimelegeza kamba hiyo. Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri ili kubadili kazi, na mwaka 2021 ikaweka mshahara wa chini wa riali 1,000 kwa mwezi, pamoja na kwa watumishi wa nyumbani. Saudi Arabia nayo ililegeza mwaka 2021, lakini mabadiliko hayo yaliwaacha nje watumishi wa nyumbani. Basi watu wawili waweza kupanda ndege moja, mmoja anakwenda kiwandani na mwingine jikoni kwa mtu, na wakishuka kila mmoja anakuta sheria yake. Usiulize tu sheria ya nchi inasemaje. Uliza inasemaje juu ya kazi yako wewe.

Jambo la pili: je, kuna chama? Saudi Arabia na Falme za Kiarabu haziruhusu vyama vya wafanyakazi. Bahrain iliviruhusu mwaka 2002, na Oman mwaka 2006. Mshahara wa nchi hizo waweza kufanana, lakini siku mshahara usipolipwa tofauti itaonekana. Mahali pasipo na chama unalia peke yako.

Jambo la tatu: akiba yako itakwenda wapi? Fedha ikikatwa kila mwezi kwa ajili ya uzee, uliza mapema kama mgeni anaweza kuidai akiondoka. Katika mifuko ya NSSF ya Uganda na ya Kenya, mwanachama anayehama nchi moja kwa moja anaweza kudai fedha zake. Wengi hawajui, wanavuka mpaka na kuacha jasho lao nyuma. Tunza hati za mshahara na namba yako ya uanachama.

Sasa tuseme juu ya nchi zetu za jirani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Humo imeandikwa kwamba mfanyakazi wa nchi mwanachama anaweza kwenda kufanya kazi katika nchi nyingine, asibaguliwe kwa uraia wake, na awe na uhuru wa kujiunga na chama. Hilo ni jambo kubwa. Lakini kila nchi iliandika orodha ya kazi ilizofungua, na baadhi zilifungulia zaidi kazi za wataalamu kuliko za wachuma chai na wakata miwa. Tena, tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka mipaka kwa kitambulisho cha taifa. Wengi wanadhani kitambulisho hicho kinatosha na kazini. Hakitoshi. Kitambulisho kinafungua mpaka; kibali cha kazi ndicho kinachofungua kiwanda. Asiye nacho, mwajiri mbaya humlipa nusu kwa kuwa anajua hatathubutu kushtaki.

Wako pia watoto wetu waliosoma, wanaofanya kazi kwa kompyuta kwa kampuni ya mbali. Mauritius na Estonia, tangu mwaka 2020, zinatoa viza kwa watu wa namna hiyo. Mauritius ilitaka mwombaji awe na kipato cha dola 1,500 kwa mwezi kutoka nje ya nchi. Viza hiyo haikuruhusu kuajiriwa na kampuni za hapo. Kwa vijana hao kipo kipimo kingine: intaneti. Mwezi wa Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa. Anayelipwa kwa kazi anayotuma kila siku, siku hizo alikuwa kama mchuma chai aliyefungiwa geti la shamba.

Basi, ndugu, kabla ya kuondoka fanya hivi. Hakikisha wakala ameandikishwa: Uganda ni kwa wizara inayosimamia kazi, Kenya ni kwa mamlaka ya ajira ya taifa. Taka mkataba kwa lugha unayoielewa, uwe na jina la mwajiri, kazi yenyewe, mshahara, saa za kazi na nani analipa nauli ya kurudi. Acha nakala nyumbani. Ukifika ukapewa mkataba mwingine wa mshahara mdogo, nakala hiyo ndiyo shahidi wako. Pasipoti yako itunze wewe mwenyewe. Usikubali mwajiri aiweke kabatini kwake.

Na kabla ya kutia sahihi, lete mkataba huo kwa katibu wa tawi lako tuusome pamoja. Kuusoma ni kazi ya saa moja. Kumtoa mtu ugenini asiye na karatasi ni kazi ya miezi, na mara nyingine hatufaulu.