Picha za Vivuli: Mwanga wa Nakuru na Sitara ya Mtu

Wako watu wanaodhani kwamba picha ya mtu ni uso wake, na kwamba mpiga picha asiyeonyesha macho, pua na mdomo kapoteza wakati wake bure. Mimi siafiki. Hapa Nakuru napiga picha za watu bila kuwapanga, nao wakiwa katika shughuli zao, na zile ninazozipenda kuliko zote hazina uso hata mmoja. Ni vivuli: mtu kasimama mbele ya mwanga, umbo lake jeusi tititi, nyuma yake mbingu.

Wazungu wameipa picha ya namna hii jina la Étienne de Silhouette, waziri wa fedha wa Ufaransa wa mwaka 1759, ambaye ubahili wake ulidhihakiwa hata vitu vya bei rahisi vikapachikwa jina lake. Lakini elimu ya mwanga yenyewe imepita mikononi mwa Waislamu kabla ya huyo bwana. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo mnamo mwaka 1040 hivi, ndiye aliyeeleza katika Kitab al-Manazir kwamba tunaona kwa mwanga unaotoka kwenye kitu ukaingia jichoni, wala si kwa miale inayotoka machoni mwetu. Akachunguza pia mwanga upitao tundu dogo na kuingia katika chumba cha giza. Naam, kamera ni chumba hicho hicho, kimepunguzwa tu hata kikaenea mkononi.

Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, iko kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari, na ikweta inapita kaskazini yake, si mbali. Jua la hapa halina maringo. Hushuka wima upande wa Mau, na baada ya dakika ishirini na kitu ni usiku. Mtu wa Mombasa anaijua haraka hiyo, ila kwake hewa ina unyevu wa bahari. Huku wakati wa kiangazi kuna vumbi, nalo hushika mwanga likawa kama pazia la rangi ya shaba. Vumbi linalowakera akina mama wenye nguo kambani, kwangu ni mali.

Kazi yenyewe si ngumu. Pima mwanga wa mbingu, usipime wa mtu; kamera ikiridhika na mbingu, mtu hubaki mweusi. Kisha ngoja. Mkono uliogandana na kiwiliwili humfanya mtu gogo. Ukiachana nacho kidogo, mwanga ukapenya kati, gogo linakuwa binadamu. Ubavu ni bora kuliko mbele, kwani hapo mwanga huchora pua na kidevu.

Niliona kijana amekaa peke yake ukingoni mwa kreta ya Menengai. Nilipomweka chini pembeni mwa picha, mbingu yote juu yake, alionekana mpweke wa kusikitisha. Nilipomkaribia nikachutama, akaijaza picha, alionekana jabari. Kijana hakujitikisa, aliyehama ni mimi. Ndiyo maana nasema hali ya moyo katika picha ni amana, na mpiga picha aweza kuikhini.

Marehemu Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1943, aliijua nguvu hiyo. Picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, zilizoonyeshwa na BBC mwezi Oktoba 1984, ni za alfajiri: ukungu, baridi, na watu waliojifunika mashuka. Huzuni ilitangulia kufika kabla ya mtazamaji kuona uso wowote. Aliaga dunia katika ajali ya ndege Komoro mwaka 1996.

Sasa liko suala la sitara. Wenzangu kadhaa hudai kwamba kivuli hakihitaji ruhusa, maadamu uso hauonekani. La hasha! Siku moja mtaani Bondeni, nikiwa ndani ya duka, nilimpiga bibi mmoja aliyekuwa akipita mlangoni na kapu lake, buibui limepeperushwa na upepo. Kama ilivyo desturi yangu, nilitoka nikamwamkia, nikamwonyesha.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akaitazama kitambo. "Uso hapana. Lakini mwendo huu wanangu wote wataujua, hata marehemu babu yao angeujua."

Nikamwuliza kama niifute. Akafikiri.

"Usiifute. Mimi sina picha tangu ujana wangu. Nitengenezee moja, uniletee nyumbani. Gazetini usiitie."

Nilichapa moja tu. Iko kwake.