Malaika na Pepo: Majina ya Viumbe wa Kiroho katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Dini mpya inapoikuta dini kongwe, aghalabu swali la mwanzo huwa la majina: viumbe wa kale waitweje, na wapewe cheo gani mbele ya wageni? Ulaya ya Kaskazini ililijibu kwa njia mbili. Kiapo cha ubatizo cha Wasaksoni kiliwataka waumini wawakane Thunaer na Woden pamoja na mashetani. Huko Iceland, iliyopokea Ukristo yapata mwaka 1000, Snorri Sturluson (1179–1241) alimweleza Odin kuwa binadamu, mtawala aliyehama kutoka Asia. Malaika naye alifika na jina lake la kigeni, engill.

Mitaa ya Mashariki ya Nairobi, ambayo miwili kati yake huitwa Jerusalem na Jericho, yatoa mfano wa karibu zaidi. Humo wamekutana Waluo, Wakikuyu, Waluhya, Wakamba na wengineo. Neno malaika, ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu na ambalo kwa asili lahusu mjumbe, limeingia katika lugha zao: Mluo husema malaika, Mkikuyu mũraika. Waovu, kinyume chake, wamepewa majina ya kienyeji. Jachien, ambaye kwa Waluo alikuwa mzuka wa marehemu mwenye kinyongo, alifanywa shetani. Ngoma za Wakikuyu, yaani roho za wahenga, zilipatwa na mkasa huohuo. Mgeni akakalishwa juu, mwenyeji akashushwa chini.

Kiswahili chenyewe hakikusalimika. Peponi ni makao ya wema, ilhali pepo humpanda mtu akamtaabisha. Katika uganga wa pwani, pepo huulizwa jina na haja yake, kisha hupatanishwa na kiti wake. Katika makanisa mengi ya mitaani hana la kuulizwa, hukemewa atoke.

Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki huko Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, lilijaribu njia nyingine. Lilihifadhi misa ya Kilatini, lakini wafuasi wake huamini kwamba Bikira Maria alitokea akiwa mwanamke Mwafrika. Hivyo Mwafrika alipewa kiti mbinguni. Hata hivyo, kutoa pepo kulibaki kuwa kazi kubwa ya kanisa hilo. Sura za walio juu zilibadilika. Majina ya walio chini yalibaki palepale.

Jambo hili si dogo. Mtoto aliyezaliwa Kaloleni au Kariobangi, asiyeijua vema lugha ya bibi yake, huwajua wahenga kwa neno moja tu: pepo. Neno hilo limekwisha kutoa hukumu kabla hajauliza. Yafaa basi mwalimu na mtunzi wa kamusi wamrudishie maneno mzuka, koma na mzimu, kila moja na maana yake, ili atakapohukumu, ahukumu mwenyewe.