Sauti ya Kenya Ndani ya Wimbo wa Kanye

Kijana wa Kianjokoma, Embu, anayeusikiliza "Yikes" wa Kanye West wa 2018 akiwa ndani ya matatu huenda asijue kwamba sauti ile inayojirudia ni ya Kenya. Imekatwa kutoka "Kothbiro", wimbo wa Black Savage, bendi ya Nairobi ya miaka ya 1970, kisha ikazungushwa tena na tena juu ya ngoma mpya. Hiyo ndiyo sampuli. Ayub Ogada, mmoja wa wanabendi, aliurekodi upya wimbo huo kwa nyatiti, kinanda cha Waluo chenye nyuzi nane, na akafariki 2019.

Wapo wanaosema huu ni wizi. Ungekuwa wizi lau jina lingefichwa, lakini Ogada ametajwa miongoni mwa watunzi wa "Yikes", na sheria ya Kenya hulinda utunzi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kinachonitia uchungu zaidi ni kumbukumbu zetu duni: mtayarishaji wa Embu anayetaka kukata benga ya zamani atamlipa nani, ikiwa karatasi ya santuri imebanduka na jina la mtunzi halikuandikwa popote?