Mtoto Amepimwa, Je, Mama?

Mtoto wa wiki sita anapoletwa kliniki hupimwa uzito, huchanjwa na kadi yake hujazwa. Mama huulizwa kama ananyonyesha, basi. Ni mara chache huulizwa hali yake ya moyoni.

Siku za kwanza baada ya kujifungua akina mama wengi hulia bila sababu. Hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Sonona ni jambo jingine. Hudumu, humnyima mama usingizi, hamu ya kula na furaha, na humfanya ajione hafai. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Huo si uvivu, si mapepo wala upungufu wa imani.

Hupimwaje?

Hakuna damu wala mashine. Kipimo kinachojulikana sana kilitolewa mwaka 1987 na Dk. John Cox na wenzake huko Edinburgh, Uskoti. Kabla ya hapo Cox alikuwa amefanya utafiti juu ya akina mama wa Uganda. Kina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, na kila jibu lina alama 0 hadi 3. Mama mwenye alama 13 au zaidi kwa kawaida hupelekwa kwa mtaalamu kwa uchunguzi zaidi, kwani kipimo peke yake hakithibitishi ugonjwa. Swali la 10 ni kuhusu mawazo ya kujidhuru. Akikiri kuwa nayo, hata kidogo, tusingoje kujumlisha alama: asiachwe peke yake, na apate msaada siku hiyohiyo.

Kuuliza tu hakutoshi

Kumwuliza mama bila kuwa na msaada ni kufunua kidonda na kukiacha wazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka vijiji vya Pakistan unatutia moyo. Wahudumu wa afya wa vijijini, wasio madaktari, walifundishwa kuwatembelea na kuzungumza na akina mama wenye sonona. Baada ya miezi 6 waliobaki na ugonjwa walikuwa asilimia 23. Kwa waliotembelewa na wahudumu wasio na mafunzo hayo, walikuwa asilimia 53.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za sharika:

- Zipendekeze akina mama watu wazima, wanaotunza siri, wafundishwe kazi hii.
- Zihakikishe mama anaulizwa faraghani, mume au mama mkwe asiwepo. Asiyejua kusoma asomewe.
- Zitenge nauli ya kumfikisha hospitali anayehitaji.

Kwa wahisani wetu: kazi hii haihitaji vifaa vya gharama. Inahitaji mafunzo, usafiri na ufuatiliaji, na hapo ndipo mchango wenu unapomfikia mama na mtoto wake.