Rezo Inayokoma Katikati ya Ziwa

Kigwena ni msitu mdogo, takriban hekta 500, uliobanwa kati ya mashamba ya michikichi na Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Rumonge, Burundi. Upande wa mashariki tambarare ya Imbo ni nyembamba. Mara miteremko ya Mumirwa inaanza kupanda kuelekea milima inayopita mita 2,000. Magharibi ni maji matupu, na hewa ikiwa safi milima ya Kongo huonekana ng'ambo. Fundi wa minara ya simu akioneshwa ramani hii atafurahi kwanza, kisha aanze kukuna kichwa.

Furaha inatokana na mlima. Mawimbi ya simu husafiri karibu kwa mstari mnyoofu, na kinachoyazuia juu ya ziwa ni mviringo wa dunia wenyewe. Antena iliyo mita 36 juu ya maji inaweza kuonana na simu ya mvuvi ndani ya mtumbwi hadi kilomita 29 hivi. Ipandishe antena hiyohiyo kwenye mteremko, mita 400 juu ya ziwa, nayo itamwona mvuvi aliye zaidi ya kilomita 80. Ziwa lenyewe halina upana huo. Hapana nyumba wala kilima cha kuziba njia.

Mbona basi simu inaweza kuonesha rezo, yaani mtandao, na bado ikagoma kupiga?

Jibu liko kwenye saa. Katika mtandao wa 2G, simu nane hugawana mkondo mmoja kwa zamu, na kila zamu hudumu sehemu 577 za milioni ya sekunde. Simu iliyo mbali lazima itangulize sauti yake kidogo, ili ifike mnarani bila kuangukia zamu ya mwingine. Mnara huipa kila simu namba ya kutangulia, kuanzia 0 hadi 63, na kila hatua ni sawa na mita 550 hivi. Zidisha: kilomita 35. Ukivuka hapo, mnara unakusikia lakini hauna namba ya kukupa. Hapo ndipo mlima unapogeuka kuwa kikwazo. Mnara uliojengwa juu uko pia mbali zaidi na ufuko, na kila kilomita ya kupanda inakatwa kwenye zile 35. Mashua inayofuata ndagala usiku, ikielekea kusini-magharibi, yaweza kuikosa Burundi na kudaka mnara wa Kongo, ambako salio lake haliendi mbali.

Nchi kavu nako kuna mambo yake. Majani mabichi yamejaa maji, na maji hunyonya mawimbi. Kadiri masafa yanavyokuwa ya juu, ndivyo yanavyomezwa zaidi. Chini ya miti ya Kigwena, masafa ya 2G ya megahezi 900 hupenya pale yale ya 2,100 yanapodhoofika. Ndiyo maana teknolojia ninayoiheshimu zaidi katika ufuko huu ni ile ya kubonyeza nyota, namba na reli. Ujumbe wake hauzidi herufi 182, hauhitaji intaneti, na unapita katika njia ileile ambayo simu hutumia kujitambulisha kwa mnara. Simu ya kitochi inatosha. Kwa njia hiyo Lumicash na EcoCash huhamisha pesa za mawese na samaki kutoka mkono hadi mkono, bila noti hata moja kupanda basi la Bujumbura.

Wakuu hupenda kuzungumzia mambo makubwa zaidi, nayo yapo. Burundi haina bahari. Nyaya za SEACOM na EASSy zilipofika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, ilibidi nchi ivute nyuzi za kioo kupitia kwa majirani, na Benki ya Dunia ikasaidia kujenga mkongo wa ndani unaoitwa Burundi Backbone System. Mwaka 2024 Starlink nayo ikaingia. Setilaiti zake huruka kilomita 550 hivi juu yetu, ilhali zile za zamani husimama kilomita 35,786, ambako neno hutumia karibu robo ya sekunde kupanda na kushuka. Tofauti hiyo mtu anaisikia kwa sikio lake mwenyewe. Lakini sahani ya Starlink hula umeme mfululizo, wati 50 na zaidi, katika nchi ambayo karibu mtu mmoja tu kati ya kumi ana umeme nyumbani. Mabwawa ya Jiji na Mulembwe, yaliyobuniwa kutoa jumla ya megawati 49 hivi, yako kwenye milima ya kusini huku. Umeme ukizalishwa mlimani si lazima ushuke hadi kijiji cha ufukweni.

Mimi ningeanza na ile saa. Mitambo ya 2G inaweza kupangwa ili simu moja ipewe zamu mbili badala ya moja, na mpaka wa kilomita 35 ukasogea hadi zaidi ya 100. Australia ilifanya hivyo kwenye pwani zake. Gharama yake ni kwamba mkondo uliopangwa hivyo huhudumia nusu tu ya watu. Mchana, soko la Rumonge likiwa limechangamka, hiyo ni hasara. Ndagala, hata hivyo, huvuliwa usiku kwa taa, wakati mji umelala na zamu nyingi za mnara ziko wazi. Kinachobaki ni mnara wenyewe kuwa macho saa tisa za usiku, na dizeli nchini Burundi imekuwa adimu kwa miaka sasa. Kwa hiyo mzigo mkubwa wa hesabu uko kwenye paneli za jua na betri za kutosha kufikisha alfajiri.