Okestra ya mataifa mengi inayoijua gharama ya mpaka

Mwaka 1981, wanamuziki kadhaa wa Okestra ya Vijana ya Jumuiya ya Ulaya walifikia kikomo cha umri. Kanuni ilikuwa kwamba ukivuka umri, unawapisha wadogo zako. Wenyewe hawakutaka kutawanyika, kila mmoja ashike njia ya kwao, hivyo wakaanzisha okestra yao, Chamber Orchestra of Europe. Ofisi yake ikawa London. Zaidi ya miaka 40 imepita na okestra hiyo bado ipo, ikiwa na wanachama wapatao 60 kutoka nchi mbalimbali.

Okestra ya namna hii ni ndogo. Okestra kubwa inaweza kuwa na wapigaji 100, lakini hizi ndogo asili yake ni vyumba vya majumba ya wafalme na matajiri. Watu wakiwa wachache, kosa la mmoja husikika na wote.

Jumuiya ilifungua mlango

Okestra ya Vijana ilianzishwa mwaka 1976 na kufanya ziara yake ya kwanza mwaka 1978, Jumuiya ya Ulaya ikiwa na nchi tisa. Katikati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1977, Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ilivunjika.

Rais wa kwanza wa okestra hiyo alikuwa Edward Heath, waziri mkuu wa zamani aliyeiingiza Uingereza katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973. Mkurugenzi wa muziki alikuwa Claudio Abbado wa Italia, ambaye baadaye alikuwa mlezi wa wale waliotoka kwenda kujitegemea.

Mwaka 1984, mjini Pesaro, Italia, Abbado aliwaongoza katika opera ya Rossini, *Il viaggio a Reims*, ambayo muziki wake ulikuwa umepotea kwa zaidi ya karne moja. Hadithi yake ataielewa yeyote aliyewahi kulala mpakani: wasafiri wa mataifa mengi ya Ulaya wanakwenda kwenye kutawazwa kwa mfalme, lakini wamekwama kwenye nyumba ya wageni kwa kukosa farasi.

Kila mtu na kazi yake

Okestra hii haina mwongozaji wa kudumu. Wanachama wake wana kazi nyingine: wengine ni viongozi wa vikundi katika okestra za nchi zao, wengine ni walimu wa muziki. Hukutana kwa ajili ya ziara, wakafanya mazoezi na maonyesho, kisha wakaachana hadi safari nyingine. Ni kama wafanyabiashara wanaochangia lori moja: maduka ni ya kila mtu, safari ni ya wote.

Okestra ni ya binafsi, na katika wafadhili wake wakubwa umo mfuko wa hisani wa Gatsby wa Uingereza. Kazi zake zimesifiwa sana. Simfoni tisa za Beethoven walizorekodi mjini Graz, Austria, mwaka 1990 na 1991 chini ya Nikolaus Harnoncourt zilipata tuzo ya rekodi ya mwaka ya jarida la Gramophone mwaka 1992.

Ushuru sifuri, makaratasi tele

Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya kutoka katika Umoja wa Ulaya. Mkataba mpya wa biashara ulianza kutumika Januari 1, 2021. Bidhaa zinazotimiza masharti ya asili zilipita bila ushuru wala viwango vya ukomo, lakini wanamuziki hawakuwekewa utaratibu wao.

Tangu hapo, Mwingereza anahesabiwa siku: asizidi 90 katika kila siku 180 ndani ya eneo la Schengen, na baadhi ya nchi humtaka awe na kibali cha kazi. Chombo anachobeba mwenyewe hupita, lakini vyombo vinavyotangulia kwa lori huhitaji hati ya forodha ya kuingiza mali kwa muda. Malori yaliyosajiliwa Uingereza nayo yamewekewa ukomo wa vituo vya kupakia na kushusha kabla ya kurudi nyumbani.

Kuna pia mambo yanayoigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Nyuta nyingi za zamani za fidla zina kipande kidogo cha pembe ya ndovu kwenye ncha, na katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe hizo. Uta wa namna hiyo unahitaji cheti cha kimataifa cha kulinda viumbe walio hatarini. Klarineti na obo bora hutengenezwa kwa mpingo, mti wa Tanzania na Msumbiji. Mwaka 2017 mpingo na jamii yake yote iliwekwa chini ya udhibiti wa vibali. Mwishoni mwa 2019 ala zilizokwisha tengenezwa zikaondolewa kwenye masharti hayo.

Okestra ya Vijana ilihamisha makao yake kutoka London kwenda Italia. Chamber Orchestra of Europe ilibaki London, lakini mwaka 2022 ilipata vituo viwili vya kudumu ndani ya Umoja wa Ulaya: Kronberg, Ujerumani, na kasri la Esterházy mjini Eisenstadt, Austria, ambako Joseph Haydn aliwahi kuajiriwa na familia iliyomiliki kasri hilo.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataja bidhaa, watu, wafanyakazi, huduma na mitaji. Mkataba wa Uingereza na Ulaya ulifuta ushuru wa bidhaa, ukawaacha watu na huduma zao nyuma. Wapigaji wa fidla wamekwisha kuona tofauti hiyo inalipwaje: kwa siku, kwa vibali na kwa nauli ya lori.